Umbali wa haipafokali

Umbali wa haipafokali ni umbali wa karibu kabisa ambao lenzi ya kamera inaweza kulengwa huku vitu vilivyo mbali sana, kama milima na upeo wa macho, vikiendelea kuonekana vikali katika picha. Lenzi ikilengwa kwenye umbali huo, kila kitu kuanzia nusu yake hadi mbali isiyo na kikomo (∞) huwa na ukali unaokubalika. Kwa hiyo ndio ulengaji unaoipa picha kina kikubwa zaidi kwa lenzi na tundu lililochaguliwa.

Mifano ya makala hii imechukuliwa hasa kutoka Musoma, Butiama na Bunda katika Mkoa wa Mara, Tanzania, ambako ziwa, mawe na mbuga humlazimisha mpiga picha kuunganisha vitu vya karibu na vya mbali katika picha moja.

## Istilahi

Fizikia ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo maneno ya Kiswahili ya somo la mwanga hayajatulia. Katika makala hii *kulenga* ni kurekebisha lenzi ili kitu cha umbali fulani kitoke kikali, kazi ambayo mafundi wengi huiita kufokasi. *Urefu wa fokasi* ni ule ulioandikwa kwenye lenzi kwa milimita, kama 28, 50 au 200. *Tundu* ni uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga. Ukubwa wake hutajwa kwa namba ya f: f/8 maana yake kipenyo cha tundu ni urefu wa fokasi kugawanya kwa 8. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Jambo hili huwachanganya wanaoanza, lakini ukikumbuka kuwa ni sehemu, kama moja ya nane na moja ya kumi na sita, halina ugumu. *Kina cha uga* ni eneo lote, kutoka mbele hadi nyuma, linaloonekana kali katika picha.

## Kwa nini vitu vingine huwa na ukungu

Lenzi hulenga umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Kanuni ya lenzi, 1/f = 1/u + 1/v, ambayo mwanafunzi wa fizikia anaifahamu, inaonyesha hivyo. Kwa lenzi ya mm 50, taswira ya kisiwa kilicho mbali kabisa hujengeka mm 50 nyuma ya lenzi. Taswira ya mtu aliyesimama mita 5 hujengeka mm 50.5, na ya mtu wa mita 2 hujengeka karibu mm 51.3. Filamu au kihisi cha kamera kipo mahali pamoja tu. Nuru ya vitu ambavyo taswira zao zimeangukia mbele au nyuma ya mahali hapo haikutani kuwa nukta. Inaacha kiduara, na viduara vingi vikipandana picha inakuwa na ukungu.

Jicho halioni viduara vyote. Kiduara kikiwa kidogo vya kutosha, jicho hukichukua kama nukta. Kikomo hicho huitwa *duara la ukungu*. Kwa filamu ya milimita 35 na kamera za kidijitali zenye kihisi cha ukubwa huohuo (mm 24 kwa 36), mazoea ni kutumia mm 0.03. Namba hiyo inatokana na hesabu ya kawaida tu: mtu anayetazama picha ya sentimita 20 kwa 25 akiwa ameishika sentimita 25 kutoka machoni hutofautisha vitu vya takriban mm 0.2, picha hiyo ni taswira ya filamu iliyokuzwa zaidi ya mara saba, gawanya 0.2 kwa saba, unapata kama 0.03.

Jambo hili linasahauliwa sana. Kina cha uga si ukuta ambao upande mmoja picha ni kali na wa pili ina ukungu. Ni makubaliano juu ya ukubwa wa picha na umbali wa mtazamaji. Picha iliyoonekana safi kwenye kioo cha simu inaweza kukataa kabisa ikikuzwa kuwekwa ukutani.

## Fomula

Umbali wa haipafokali, H, hupatikana hivi:

H = f² ÷ (N × c) + f

ambapo f ni urefu wa fokasi, N ni namba ya f, na c ni duara la ukungu, vyote kwa milimita isipokuwa N. Chukua lenzi ya mm 50 kwa f/8. Mraba wa 50 ni 2,500. Nane mara 0.03 ni 0.24. Kugawanya kunatoa 10,417, na ukiongeza 50 unapata mm 10,467, yaani karibu mita 10.5. Ukiilenga lenzi hiyo kwenye mita 10.5, vitu vyote kuanzia mita 5.2 hadi upeo wa macho vitakuwa vikali.

Kwa kihisi cha mm 24 kwa 36, matokeo ya lenzi tatu zinazotumika sana ni haya, kwa mita:

| Lenzi | f/8 | f/11 | f/16 |
|---|---|---|---|
| mm 28 | 3.3 | 2.4 | 1.7 |
| mm 35 | 5.1 | 3.7 | 2.6 |
| mm 50 | 10.5 | 7.6 | 5.3 |

Urefu wa fokasi ndio wenye nguvu hapa, kwa sababu unapigwa mraba. Ukizidisha namba ya f mara mbili, umbali unapungua kwa nusu. Ukizidisha urefu wa fokasi mara mbili, umbali unaongezeka mara nne. Ndiyo maana lenzi pana hupendwa kwa picha za mandhari. Kamera zenye kihisi kidogo, zile ambazo wanafunzi na wapiga picha wengi wa mitaani wanazo, hutumia duara la mm 0.02. Lenzi ya mm 18 inayouzwa pamoja na kamera hizo ina H ya mita 2 kwa f/8.

Kwa nini mpaka wa mbele unaangukia nusu hasa? Ukubwa wa kiduara cha ukungu kwa kitu chochote hufuata tofauti kati ya namba mbili: 1 kugawanya kwa umbali uliolengwa, na 1 kugawanya kwa umbali wa kitu. Ukilenga H, kitu cha mbali isiyo na kikomo kina tofauti ya 1/H − 0, yaani 1/H. Kitu kilichopo nusu ya H kina tofauti ya 2/H − 1/H, ambayo pia ni 1/H. Ukungu wa mbele na wa nyuma umelingana, na kila kitu kilicho katikati kina ukungu mdogo zaidi. Kwa njia hiyohiyo, ukilenga nusu ya H, picha itakuwa kali kuanzia theluthi ya H hadi H; ukilenga theluthi ya H, kuanzia robo hadi nusu.

## Ziwani Musoma

Mji wa Musoma umekaa kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria, na kando ya maji kuna miamba ya matale iliyopangana kana kwamba kuna mtu aliibeba. Dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa huanikwa mchana kwenye mchanga na juu ya mawe. Mpiga picha anayechuchumaa anataka dagaa walio karibu, miamba ya katikati na mitumbwi iliyo majini vyote vionekane.

Akiwa na lenzi ya mm 28 kwa f/8, jedwali linamwambia alenge mita 3.3. Hahitaji kipimo cha fundi ujenzi. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75, kwa hiyo ni hatua nne na nusu. Analenga jiwe lililo umbali huo, anaifunga fokasi isibadilike, kisha anapanga picha yake. Dagaa walio mita 1.7 mbele yake watakuwa wakali kwa kipimo cha kawaida, na upeo wa ziwa pia.

Lakini hapa kuna uamuzi ambao jedwali haliufanyi. Harold Merklinger, Mkanada, alieleza mwaka 1990 njia ya kupima ukungu kwenye kitu chenyewe badala ya kwenye filamu, na inafaa kuijua. Lenzi ya mm 28 kwa f/8 ina tundu la mm 3.5. Ikilengwa kwenye ∞, ukungu unaopaka kila kitu, kiwe karibu au mbali, una upana wa mm 3.5 uleule. Ikilengwa kwenye mita 3.3, dagaa wa mita 1.7 wanapakwa ukungu wa chini ya mm 2 tu; hilo ni zuri, maana samaki mwenyewe ni mwembamba. Lakini mvuvi aliye mtumbwini mita 100 kutoka hapo anapakwa ukungu wa karibu sentimita 10, na aliye kilomita moja anapakwa wa mita nzima. Katika picha ndogo hakuna atakayegundua, kwa sababu mvuvi huyo ni nukta. Picha ikikuzwa, dagaa watahesabika na mvuvi atakuwa kivuli.

Kwa hiyo mtu ajiulize kwanza picha inahusu nini. Kama ni dagaa, alenge umbali wa haipafokali. Kama ni mitumbwi na visiwa, na mawe ya mbele ni fremu tu, afadhali alenge mbali zaidi ya H, hata ∞ kabisa, akubali mawe yalegee kidogo. Vitabu vingi vya upigaji picha vinaitaja haipafokali kana kwamba ndiyo jibu la kila mandhari. Sivyo: ulengaji huo unaacha upeo wa macho kwenye mpaka wenyewe wa ukali unaokubalika. Njia ya kati inayofaa ni kusoma jedwali kwa tundu moja na kupiga kwa tundu dogo zaidi, kwa mfano kulenga kwa umbali wa f/8 na kupiga kwa f/11.

Nyota ni mfano wa mwisho wa jambo hili. Anayepiga picha ya anga la usiku alenge ∞ hasa, kwa sababu nyota ni nukta tupu na ukungu wowote unaifanya ivimbe na kufifia.

## Picha za kundi Butiama

Butiama ndiko alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na ndiko alikozikwa Oktoba 1999, pale Mwitongo. Kuna makumbusho yenye jina lake, na vikundi vya wanafunzi na familia hufika na kutaka picha ya pamoja. Wengi wamesafiri siku nzima na hawatarudi. Picha iliyoharibika hapo haipigwi tena, kama ilivyo kwa picha ya mahafali au ya msiba.

Mtu mmoja au wawili waliosimama mita 4, na nyuma yao mawe na miti, ni kazi rahisi: lenzi ya mm 35 kwa f/8, lenga mita 5, kila kitu kuanzia mita 2.6 kiko ndani. Kundi kubwa lina shida nyingine. Tuseme wazee wamewekewa viti mita 4 kutoka kwa kamera na mstari wa nyuma umesimama mita 7. Kamera inayojilenga yenyewe hukimbilia uso ulio karibu, wazee wanatoka safi na vijana wa nyuma wanapotea. Hapa hatuhitaji ∞. Tunahitaji mita 4 hadi 7 zigawane ukungu sawasawa. Tumia kanuni ile ya 1 kugawanya kwa umbali: moja ya nne ni 0.25, moja ya saba ni 0.143, wastani wake ni 0.196, na 1 kugawanya kwa 0.196 ni mita 5.1. Hapo ndipo pa kulenga, yaani mbele kidogo ya katikati. Lenzi ya mm 50 kwa f/5.6, ikilengwa mita 5.1, ni kali kuanzia mita 3.8 hadi 7.7. Inatosha, na mwanga unabaki wa kuwazuia watoto wanaotikisika wasiache mkururo.

Mafundi wengi hufuata "kanuni ya theluthi", kwamba theluthi moja ya ukali iko mbele ya unapolenga na theluthi mbili ziko nyuma. Kanuni hiyo ni kweli kwa umbali mmoja tu, theluthi ya H. Karibu zaidi ya hapo mbele na nyuma huelekea kulingana. Mbali zaidi, sehemu ya nyuma hukua hadi kukosa mwisho. Kwa kundi la watu haimpotoshi mtu sana. Kwa mandhari inampotosha.

## Mahali inaposhindwa

Ushoroba wa Magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unakuja hadi karibu na barabara kuu ya Mwanza–Musoma upande wa Bunda. Anayepiga picha za wanyama huko anatumia lenzi ndefu, na hapo haipafokali haina kazi. Lenzi ya mm 200 kwa f/8 ina H ya mita 167; ya mm 400 ina H ya mita 667. Nyumbu aliye mita 60 akilengwa kwa mm 400 na f/8, ukali unaanzia mita 55 na kuishia 66. Mlenge mnyama mwenyewe, jicho lake ikiwezekana, na usahau jedwali.

Kikomo cha pili ni mwanga wenyewe. Mtu anaweza kudhani kuwa akifunga tundu hadi f/22 atapata ukali usio na mwisho. Mwanga unapopita kwenye tundu dogo hupinda na kutawanyika, tabia iitwayo difraksheni, na hakuna lenzi inayokwepa hilo hata iwe ya bei gani. Kipenyo cha nukta inayotokana nayo ni 2.44 × N × urefu wa wimbi la mwanga. Kwa mwanga wa kijani, wenye wimbi la mm 0.00055, f/8 inatoa nukta ya mm 0.011, f/16 inatoa mm 0.021, na f/22 inatoa mm 0.03, ambayo ni duara la ukungu lenyewe. Maana yake kwa f/22 hata kile ulicholenga barabara kimeshafikia mpaka. Kwa kihisi cha mm 24 kwa 36, f/8 hadi f/11 ndiyo sehemu nzuri. F/16 ni ya shida maalumu.

Kamera ya sanduku yenye kitundu cha sindano, ambayo wanafunzi huitengeneza darasani, inaonyesha hali hii kwa ukamilifu. Haina lenzi, haihitaji kulengwa, kina chake hakina mwisho, na hakuna chochote ndani ya picha kilicho kikali kweli.

Tundu dogo pia linahitaji muda. Kwa kanuni ya zamani, jua likiwa kali na unyeti wa ISO 100, f/16 huendana na kasi ya shata ya 1/100 ya sekunde, na f/8 na 1/400. Mchana wa Mara, karibu sana na ikweta, unatosha na kuzidi. Jua linapozama ziwani mwanga huo haupo, na f/11 inadai stendi ya miguu mitatu. Picha iliyotikisika haina kina chochote cha kuzungumzia, na anayepiga mtumbwi unaoyumba kwenye mawimbi hata stendi haimsaidii.

## Kulenga bila hesabu

Lenzi nyingi za zamani, kama zilizouzwa na Pentax K1000 au kamera za Zenit za Kisovieti, zina mistari iliyochorwa pande mbili za alama ya kulengea, kila jozi ikiwa na namba ya f. Ukitumia f/11, zungusha pete mpaka alama ya ∞ ikae mbele ya mstari wa 11 wa upande mmoja. Mstari wa 11 wa upande wa pili utaonyesha umbali wa karibu utakaokuwa mkali, na alama ya katikati itakuwa kwenye umbali wa haipafokali. Wapiga picha wa magazeti waliweka lenzi zao hivyo asubuhi na kupiga kutwa bila kulenga tena. Lenzi nyingi za siku hizi hazina mistari hiyo, na pete yake mara nyingi hupita alama ya ∞, kwa hiyo kuizungusha hadi mwisho si kulenga mbali. Lenga kitu cha mbali kwanza, uone pete imesimama wapi.

Simu zimeliondoa tatizo kwa sehemu kubwa, si kwa werevu wa programu bali kwa udogo. Lenzi kuu yenye urefu halisi wa fokasi wa kama mm 4.25 na f/1.8, kwa duara la ukungu la mm 0.005, ina H ya mita 2. Gusa kioo palipo na kitu cha mita 2, ushikilie mpaka fokasi ifungwe, na kila kitu kutoka mita moja hadi upeo kinaingia. Ukungu mzuri wa nyuma unaoonekana kwenye picha za watu zilizopigwa kwa simu kwa kawaida hutengenezwa na programu baadaye. Ndiyo maana mara nyingine hula ncha za nywele au sikio.

## Historia

Mwaka 1867 Waingereza Thomas Sutton na George Dawson walieleza wazo hili katika kamusi yao ya upigaji picha, kabla jina la haipafokali halijazoeleka. Matumizi yake makubwa yalikuja na kamera za bei nafuu zisizo na pete ya kulenga. Kodak ilianza kuuza Brownie mwaka 1900 kwa dola moja ya Marekani: sanduku, lenzi iliyokazwa mahali pamoja na tundu dogo, hivi kwamba mtu yeyote aliyesimama hatua kadhaa kutoka kwa kamera alitoka vizuri pamoja na mandhari ya nyuma yake. Mwaka 1932 kundi la wapiga picha wa California, wakiwemo Ansel Adams na Edward Weston, lilijiita f/64, jina la tundu dogo sana la kamera zao kubwa, kwa kudai picha iwe kali kutoka ukingo hadi ukingo. Kamera hizo zilitumia filamu kubwa zisizohitaji kukuzwa sana, ndiyo maana difraksheni haikuwasumbua kama inavyomsumbua mwenye kihisi kidogo leo.

Katika Afrika Mashariki, Mohamed Amin (1943–1996), mpiga picha mashuhuri aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha tumika. Kamera hiyo haikumpa nafasi ya kulenga. Alichoweza kuchagua ni mahali pa kusimama.